Kadi ya Josh

Tarehe 29 Mei 2024 ligi kuu ya besiboli ya Marekani iliingiza rasmi vitabuni mwake takwimu za Ligi za Weusi, zile zilizochezwa kati ya 1920 na 1948. Katika sehemu kubwa ya miaka hiyo Mmarekani mweusi hakuruhusiwa kucheza kwenye timu za wazungu. Wachezaji zaidi ya 2,300 waliongezwa kwa mkupuo mmoja. Josh Gibson, mdakaji wa Homestead Grays aliyefariki Januari 1947, alipanda kileleni kwa wastani wa kupiga wa 0.372, akampita Ty Cobb aliyekalia nafasi hiyo miongo mingi kwa 0.367.

Habari hiyo ilinirudisha kwa mzee mmoja wa Pennsylvania niliyemhudumia miaka yake ya mwisho. Yeye alikuwa na kadi ya Josh Gibson tangu ujana wake, kadi ambayo hakuna kiwanda kilichowahi kuichapa.

Tena habari hiyo ilikuja wakati ambapo wenzake wa mchezo wa kadi wameanza kusimulia. Vijana walioanza kucheza besiboli ya mezani, ya kadi na dadu, katika miaka ya 1950 na 1960 sasa ni wazee wa miaka sabini na themanini, na wengi wameamua kueleza maisha yao yalivyokwenda: ndoa, vita, kazi, misiba. Nawafuatilia kwa hamu. Kitu kimoja nimekiona kwao wote. Hawasemi "zamani" wala "nilipokuwa kijana". Wanasema ulikuwa msimu gani, walikuwa wanaongoza timu ipi, na nani alikuwa anarusha mpira siku mama yao alipofariki.

Nilikwenda Marekani kutoka Tanga nikiwa bado msichana, na kazi niliyoipata ni ile ambayo Waafrika Mashariki wengi wameipitia kule: kutunza wazee majumbani. Unaogesha, unapika, unapanga dawa, halafu unakaa. Kukaa ndiko kugumu. Mtu amelala mbele yako na maisha yake yote, nawe huna pa kuanzia.

Nilipelekwa Homestead, mji mdogo kando ya mto Monongahela, jirani na Pittsburgh. Kiwanda cha chuma kilichoulisha mji ule kilifungwa 1986. Mahali pake leo pana maduka na kumbi za sinema, na mabomba kumi na mawili ya moshi yameachwa yamesimama peke yake. Mzee wangu alifanya kazi pale, na baba yake kabla yake. Binti yake alinitahadharisha kwamba baba si msemaji. Ikawa kweli. Nilimwamkia, akaitikia, nilimuuliza kama chakula kinatosha, akatikisa kichwa.

Mchana mmoja nilimkuta mezani amefungua boksi lililojaa kadi ndogo, dadu tatu pembeni, daftari mbele yake. Macho yalikuwa yameanza kumsaliti na maandishi ya kadi zile ni madogo sana. Alinisogezea kiti. "Nisomee, binti."

Nikiwa mtoto wa Ngamiani, kule Tanga, niliyazoea mabaraza ya bao. Nilipita nikitumwa dukani, nikaona wanaume ambao majumbani mwao hawakuwa na maneno wakizungumza kutwa nzima juu ya kete. Lakini mtoto wa kike hupita tu, haketi. Kiti alichonisogezea Mzee kilikuwa cha kwanza mimi kukaribishwa kwenye mchezo wa wanaume, na nilikikalia kwa heshima yote.

Mchezo wake unaitwa Strat-O-Matic. Aliyeubuni ni Hal Richman, kijana wa Long Island aliyekuwa hodari wa hesabu, na ulianza kuuzwa 1961. Kila mchezaji ana kadi iliyojengwa juu ya alichokifanya kweli uwanjani katika msimu fulani. Unarusha dadu tatu. Moja inaamua isomwe kadi ya nani: ikitoka 1, 2 au 3 tunasoma safu za mpigaji, ikitoka 4, 5 au 6 tunasoma za mrushaji. Mbili zilizobaki unazijumlisha, na jumla ndiyo inayokupeleka kwenye mstari wako. Saba hutoka kuliko jumla nyingine yoyote, kwa sababu katika njia thelathini na sita za dadu mbili, sita zinaleta saba. Jumla ya mbili na ya kumi na mbili zina njia moja moja tu. Kwa hiyo kilichoandikwa mbele ya saba ni tabia ya mchezaji; kilichoandikwa mbele ya mbili ni bahati yake.

Nilivutwa zaidi na ule mgawanyo wa nusu kwa nusu. Mpigaji hodari akikutana na mrushaji hodari, hakuna anayemiliki yote yatakayotokea. Mzee aliniambia hilo ndilo lililomfanya aache mchezo mwingine mkongwe zaidi, APBA, ulioanzishwa 1951 na J. Richard Seitz wa Lancaster, jimboni kwao humohumo. Wapo wanaoapa kwa APBA hadi leo, na ubishi kati ya kambi hizo mbili umewazeesha wote bila mshindi.

Tukaanza kucheza. Mimi nasoma, yeye anaandika. Na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi, mdomo ukafunguka.

Boksi lake la kwanza la Strat-O-Matic alilinunua kwa posta akiwa kijana, kwa pesa za kuwakatia majirani nyasi. Baba yake alikuwa mtu wa zamu ya usiku, mchovu, asiyezungumza na wanawe ila kuhusu shule na kazi za nyumbani. Jioni boksi lilipofika alisimama nyuma ya kiti cha mwanawe, akatazama kadi zikigawanywa, akauliza swali moja: "Josh yuko wapi?"

Hayumo, kijana akajibu. Baba akaenda kuvaa nguo za kazi.

Baba huyo alikuwa amewaona Homestead Grays kwa macho yake. Timu ilikuwa na jina la mji wao, ingawa mechi zake nyingi za nyumbani ilizicheza Forbes Field, uwanja wa Pittsburgh Pirates, siku ambazo wenye uwanja wako safarini. Alimwona Gibson akipiga mipira iliyovuka uzio na kupotea. Gibson alifariki akiwa na umri wa miaka 35, na miezi mitatu baadaye, tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson akashuka uwanjani na Brooklyn Dodgers na kuvunja ubaguzi wa ligi kuu. Watu wa Homestead waliishi na ile miezi mitatu vifuani mwao.

Kijana akachukua karatasi ngumu, akaikata saizi ya kadi za kiwandani, akachora safu. Kujaza ndipo palipokuwa na kazi, maana hapakuwa na kitabu cha kunakili. Ikabidi amfuate baba. Alikuwa mwepesi kukimbia? Alitolewa mara ngapi bila kuugusa mpira? Mkono wake uliufikisha mpira kituo cha pili kwa nguvu kiasi gani? Baba alijibu akiwa anakula, anafunga kamba za viatu, akirudi alfajiri na masizi usoni. Alisahihisha. Kadi ilifutwa ikaandikwa upya hata karatasi ikaanza kuchakaa.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa ile saba. Baba alitaka pale pakae pigo la kuvusha uzio. Kijana, ambaye sasa alikuwa ameielewa hesabu, alimweleza kwamba hakuna binadamu anayeweza kuvusha mpira mara nyingi kiasi hicho. "Wewe hukuwepo," baba akasema. Waliafikiana kwenye sita, ambayo ina njia tano.

Katika maswali hayo mengine mengi yalitoka. Kwamba baba alikuwa akienda Forbes Field kwa miguu, kuvuka mto na kupanda kilima, ili nauli iwe kiingilio. Kwamba naye aliwahi kucheza katika timu ya kiwanda, jambo ambalo hata mkewe hakuwahi kulitaja mbele ya watoto. Mzee aliniambia kwamba yote aliyoyajua kuhusu ujana wa baba yake yalitoka kwenye kadi ile. Nilifikiri sana juu ya hilo. Tumezoea kuwaomba wazee watusimulie, tunawakalisha, tunawaambia "tueleze zamani", nao wanatueleza mambo mawili matatu yaliyokwisha kulainika kwa kurudiwarudiwa. Baba wa Mzee hakuombwa kusimulia. Aliulizwa jambo dogo lenye jibu, kisha akabishiwa. Ubishi ndio uliomchimbua.

Jeshi lilimwita Mzee, akapelekwa Vietnam. Kuhusu vita hakunieleza kitu. Alinionyesha daftari la mechi alizocheza kambini na askari mwenzake, dadu zikirushwa ndani ya kofia ya chuma zisipotelee mchangani. Tarehe zipo, majina yapo. Ukurasa mmoja mechi imekatika katika raundi ya tano, na kurasa zinazofuata ni za mwaka mwingine.

Aliporudi akaingia kiwandani na kujiunga na ligi ya posta. Sijui kama msomaji wa leo anaweza kuuamini utaratibu ule, kwa hiyo nitaueleza. Wanaume wa majimbo mbalimbali, ambao wengi wao hawakuwahi kuonana, walichagua timu zao kutoka kwenye kadi za mwaka. Anayecheza ugenini aliandika barua yenye maagizo: nani aanze, mrushaji atolewe akichoka vipi, nani aingie akiba. Mwenyeji akarusha dadu za pande zote mbili, mezani kwake, akatuma matokeo. Hakuna refa. Hakuna shahidi. Mtu yuko jikoni usiku, mkewe na watoto wamelala, dadu imetoka mbaya kwa timu yake, na kitu pekee kinachomzuia kuirusha upya ni neno lake kwa mtu asiyemjua sura. Ligi ile ilidumu hivyo miaka na miaka. Katika maisha yangu nimeona taasisi zenye wakaguzi na mihuri ambazo hazikudumu nusu yake.

Chini ya karatasi za matokeo waliandikiana habari. Mke kajifungua, ni msichana. Baba amefariki, nitachelewa. Mwaka kiwanda kilipofungwa Mzee aliandika sentensi mbili tu za kueleza kwamba kazi imekwisha na huenda asiweze kununua kadi mpya. Mwenzake wa Ohio, ambaye hawakuwa wamekutana bado, aliirudisha bahasha na matokeo ya mechi na noti za dola zilizokunjwa ndani. Mzee alinitajia jina la mtu huyo kila mara kama mtu anavyomtaja nduguye.

Daftari alilopenda tulisome pamoja ni la 1973. Roberto Clemente, Mpuerto Rico aliyekuwa roho ya Pittsburgh Pirates, alikufa usiku wa 31 Desemba 1972 ndege iliyobeba misaada ya waathirika wa tetemeko la ardhi la Nicaragua ilipoanguka baharini naye ndani. Msimu aliokuwa ametoka kuumaliza ulikuwa umemfikisha kwenye mapigo 3,000 kamili. Kadi za msimu ule zilitoka mwaka mpya ulipoanza, na Mzee akaletewa na posta kadi ya mtu aliyekwisha kuzama. Baadhi ya wenzake waliona isichezwe. Yeye aliicheza msimu mzima. "Takwimu zile alizichuma akiwa hai," aliniambia. "Kwa nini nimnyang'anye?"

Nikamuuliza basi kwa nini asimchezeshe na Josh. Hapo nilimgusa penye kidonda. Aliwahi kuwaomba wenzake, kwa barua ndefu, wamruhusu kuileta kadi yake kwenye ligi. Walijadili wakamjibu kwa adabu: kila kadi inasimama juu ya takwimu zilizochapwa, lete takwimu, tutaipokea. Mtu wa Ohio naye alipiga kura ya kukataa. Mzee aliumia, lakini hakuondoka, na aliponieleza hakuwalaumu. Ligi isiyo na shahidi haiwezi kupokea kadi isiyo na shahidi. Alijua kwamba walichokikataa ni neno la baba yake, na alijua pia kwamba sheria ilikuwa ya haki. Nimeona watu wachache wenye uwezo wa kubeba mambo hayo mawili pamoja bila kutupa moja.

Takwimu zilikuja 2009. Watafiti, akiwemo Scott Simkus, walikuwa wamepekua magazeti ya zamani, hasa yale ya Wamarekani weusi kama Pittsburgh Courier na Chicago Defender, wakikusanya matokeo mechi kwa mechi, jedwali kwa jedwali, mengine yamefifia, mengine yamekosa majina ya kwanza. Strat-O-Matic wakatoa boksi la nyota zaidi ya 100 wa Ligi za Weusi: Satchel Paige, Oscar Charleston, Cool Papa Bell, na Josh Gibson. Baba wa Mzee alikuwa amekwisha kufa.

Aliniwekea kadi mbili mezani, ya karatasi ngumu iliyofutwafutwa na ile ya kiwandani. Tukazilinganisha mstari kwa mstari. Mambo mengi mzee yule wa zamu ya usiku aliyapatia. Machache aliyazidisha kwa mapenzi. Nilidhani Mzee ataipendelea ya baba yake, nikamuuliza tucheze na ipi.

"Hii mpya," alisema. "Hii hakuna wa kuikataa."

Masimulizi ya mdomo humpa Gibson mapigo ya kuvusha uzio karibu 800, na bamba lake katika Jumba la Heshima la besiboli linasema hivyo pia. Vitabu vya ligi vinampa chini ya 200. Tofauti hiyo haina mwongo ndani yake. Timu za weusi zilicheza mechi nyingi mno nje ya ligi, miji midogo, dhidi ya yeyote aliyelipa, na ligi zenyewe zilikuwa na mechi chache. Kilichohesabiwa ni kile ambacho mwandishi wa habari alikuwepo na mhariri akapata nafasi ya kukichapa. Wastani wa 0.372 tunaousoma leo umetoka mikononi mwa waandishi wale, waliolipwa kidogo, ambao jioni za kiangazi walikaa pembeni ya uwanja na kunakili nani alipiga na nani alikosa. Naamini hawakudhani kuna atakayezihitaji karatasi zile miaka themanini baadaye.

Mwaka 2020 korona ilipofunga milango, viwanja vya ligi kuu vilibaki bila mechi kuanzia Machi hadi Julai, na kazi yetu ya majumbani ikawekewa mipaka. Tulicheza kwa simu. Yeye alirusha dadu kwake, mimi nilisoma kadi kwangu. Kuna jioni ambazo tulizungumza zaidi ya tulivyocheza. Tarehe 16 Desemba ya mwaka ule ligi kuu ilitangaza kwamba Ligi za Weusi nazo zinahesabiwa kuwa ligi kuu. Nilimpigia kumwambia; alikuwa amekwisha kusikia. Hakutoa hotuba. Alinitaka nichukue daftari nililokuwa nalo, niandike tarehe ile kwenye ukurasa wa mechi tuliyokuwa tunaicheza.

Alifariki kabla ya takwimu zenyewe kuingizwa vitabuni. Wanawe walijua kwamba kadi za zamani zina wanunuzi. Kuhusu rundo la madaftari waliniuliza kama yana thamani yoyote au yatupwe. Niliwafungulia pembezoni mwa kurasa, pale alipoandika siku mmoja wao alipozaliwa, siku homa ilipompata mwingine, siku mama yao alipoanza kuumwa. Walikaa sakafuni kuyasoma, na mjukuu mmoja akayachukua yote.

Nilipokwenda nyumbani likizo nilikuwa na swali kichwani. Coastal Union ya Tanga ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, na mimi nilikua nikisikia habari za uwanja wa Mkwakwani kama watoto wa Homestead walivyosikia za Grays. Nikawafuata wazee barazani. Safari hii nilikaa, na hawakunizuia. Sikuwaomba wanisimulie. Niliwauliza mlinda mlango alikuwa nani katika mechi fulani, na beki wa kushoto. Kila mmoja alinipa kikosi chake, na vikosi havikufanana. Waligombana hadi adhana ya magharibi. Mjomba wangu, ambaye sikuwahi kumsikia akizungumzia ujana wake, akajikuta anaeleza kwamba siku ya mechi ile alitoroka kazini bandarini, na alitoroka na nani.

Mapenzi ya wazee wale kwa timu yao hayana shaka. Lakini ikija siku mtu akasema "lete takwimu", mapenzi hayatapokelewa, kama barua ya Mzee haikupokelewa. Magazeti ya wakati ule, Uhuru na Mzalendo, yamo kwenye maktaba, na waliokaa majukwaani bado wapo hai. Viwili hivyo vinahitaji kukutanishwa sasa, na si Tanga peke yake: kila mji uliokuwa na timu una watu wa umri huo.

Mimi nimeanza na daftari moja. Lina kikosi cha mechi moja ya Mkwakwani, majina kumi na moja, na mbele ya mawili nimeweka alama ya kuuliza. Msomaji uliyekuwepo uwanjani 1988, tuandikie hapa gazetini: tarehe, wapinzani, kikosi, waliofunga, na uliingia uwanjani na nani.